Msitu ni wa Nani? Mwongozo wa Kutafiti Usimamizi wa Maliasili Vijijini

Ukifika ofisi ya kijiji, kabla hujakaa vizuri kwenye benchi, utaletewa kitabu cha wageni. Utaandika jina, unakotoka, lengo la safari, kisha utatia sahihi. Mtendaji atampigia simu katibu wa kamati ya maliasili. Katibu atakuja na pikipiki, na saa moja baadaye utakuwa umeelezwa kila kitu: msitu ulitengwa lini, una hekta ngapi, doria hufanyika mara ngapi, faini ya gunia la mkaa ni kiasi gani. Watafiti wengi wanaishia hapo bila kujijua. Wanakaa kijijini wiki tatu, wanajaza madodoso 120, na kila waliyemhoji aliletwa na katibu yule yule. Wakirudi chuoni wanaandika hadithi ya kamati na kuiita hali ya kijiji.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mfanyakazi wa shirika anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo. Mifano mingi nimeitoa kwenye misitu ya vijiji ya Tanzania, hasa upande wa Kilwa, mkoani Lindi, kwa sababu ndiko ninakokujua zaidi. Anayechunguza vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe (BMU), jumuiya za hifadhi ya wanyamapori (WMA) au vyama vya misitu vya jamii nchini Kenya atazitumia hatua hizi hizi, ila abadilishe majina ya ofisi.

Hatua ya kwanza: soma karatasi kabla ya kusoma watu

Huwezi kujua kanuni imevunjwa kama hujui ilisemaje. Kwa Tanzania anza na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Ya kwanza inampa kijiji usimamizi wa ardhi yake. Ya pili inamruhusu kutenga msitu wa hifadhi ndani ya ardhi hiyo, kuusimamia kupitia kamati, na kubaki na mapato yake. Usichanganye msitu huo na ule wa usimamizi wa pamoja, ambapo msitu unabaki wa serikali na kijiji ni mshirika tu. Nimewahi kusoma tasnifu iliyochanganya mambo hayo mawili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwandishi alishangaa kwa nini kijiji "kinakosa mapato", kumbe ule msitu haukuwa wake kuuza.

Historia nayo ina kazi. Duru-Haitemba, Babati, serikali ilikuwa mbioni kuutwaa msitu uwe hifadhi yake, wanavijiji wakapinga, na mwaka 1994 wakaanza kuulinda wenyewe. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 haukubuni kitu kipya. Ulifufua ngitili, malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga tangu zamani. Kilwa hadithi ni ya biashara: mpingo, mbao, na cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa msitu, ambacho misitu ya vijiji ilikipata mwaka 2009 kupitia shirika la MCDI. Vijiji vya sehemu hizi tatu vinaweza kuwa na kamati zenye jina moja, lakini swali la "msitu ni wa nani" lina jibu tofauti kila mahali.

Ukifika wilayani, tafuta sheria ndogo za kijiji na mpango wa usimamizi wa msitu. Angalia jambo moja kwanza: je, sheria ndogo zimepitishwa na baraza la madiwani? Sheria ndogo hupita Halmashauri ya Kijiji, ikaenda Mkutano Mkuu, kisha wilayani. Ikikwama njiani, kamati inatoza faini kwa karatasi isiyo na nguvu, na wajanja wa kijiji wanalijua hilo kabla yako.

Hatua ya pili: mada igeuke swali

"Mchango wa usimamizi shirikishi katika maendeleo endelevu ya jamii" ni mada. Msimamizi wako ataipitisha, lakini huwezi kupanda nayo basi la Kilwa Masoko ukajua asubuhi utamuuliza nani nini. Ivunje. Fedha za mbao za miaka mitatu iliyopita zilikwenda wapi, na nani aliamua? Nani alikuwa anaingia msituni kabla haujafungwa ambaye sasa haingii? Anayekamatwa na mkaa ni nani, na anayeachwa ni nani?

Kwa kupanga maswali kama haya, kazi ya Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, bado ni msaada mkubwa. Alikuwa anamjibu mwanaikolojia Garrett Hardin, ambaye mwaka 1968 alidai kwamba mali ya wote lazima iharibike. Ostrom alikusanya mifano ya watu walioitunza mali yao ya pamoja kwa vizazi, akaona mambo manane yanayojirudia, yakiwemo: mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na mahali, watumiaji wanaoshiriki kuzibadilisha, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu inayoanza ndogo na kupanda, mahali pa karibu pa kusuluhisha migogoro, na serikali inayokubali yote hayo. Yatumie kama orodha ya kuulizia. Wengi huyageuza mtihani wa alama, wakaandika "kijiji kimetimiza kanuni sita kati ya nane". Hilo halimwambii msomaji chochote. Kinachofaa kuandikwa ni kwamba adhabu inaanza ndogo kwenye karatasi, ila kwa vitendo mwenyeji anasamehewa na mfugaji mgeni anatozwa ya juu siku ya kwanza.

Hatua ya tatu: chagua vijiji ukijua unachokipoteza

Vijiji vyenye misitu iliyotengwa havikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Vilikuwa na msitu mzuri, au viko karibu na barabara, au mwenyekiti wake alikuwa anaelewana na mradi. Ukivilinganisha na jirani asiye na msitu, tofauti utakayoiona huenda ilikuwepo kabla ya hifadhi. Kwa hiyo linganisha vijiji vinavyofanana kwa umbali wa soko, idadi ya watu na aina ya msitu, na ueleze ulivyovilinganisha. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana bure, na zitakuonyesha hali ya msitu ilivyokuwa kabla. Kama una muda wa vijiji viwili tu, ningechukua viwili vyenye hifadhi, kimoja kinachosifiwa na kimoja kinacholalamikiwa, nikakaa muda mrefu.

Kalenda pia ni uchaguzi. Msimu wa kuvuna ufuta Kilwa, utakuta nyumba zimefungwa, watu wamehamia mashambani. Masika barabara haipitiki. Kwa wanaochunguza uvuvi wa pweza ndiyo zaidi: wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wanawake wako kwenye mwamba, na wewe uko kwenye ukumbi wa shule ukisubiri kikao. Uliza miezi na maji kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya nne: vibali, na namna ya kuingia

Mgeni kutoka nje ya Tanzania anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kama anagusa wanyamapori, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, inahusika. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Mwanafunzi wa chuo cha nchini kwa kawaida hubeba barua ya utambulisho ya chuo, ikashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Beba nakala nyingi, kila ofisi itabaki na moja. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana majina na namba za simu unazokusanya zina wenyewe.

Afisa misitu wa wilaya akijitolea kukupeleka kijijini na gari la halmashauri, mshukuru, kisha panda bodaboda. Ukishuka kwenye gari lile, kwa wiki nzima wewe utakuwa mtu wa maliasili, na mchoma mkaa akikuona ataingia ndani. Jitambulishe kwenye Halmashauri ya Kijiji, na omba utambulishwe pia kwenye mkutano wa kitongoji. Sema unafanya nini, huna mradi, hutaleta kisima. Kisha sema tena, kwa sababu hakuna atakayeamini mara ya kwanza.

Kuhusu posho, tangaza kiwango mapema, kiwe kimoja kwa wote. Mimi hulipa kikao cha kikundi kinachokula nusu siku, na silipi dodoso la nyumbani la dakika arobaini. Wapo wanaofanya kinyume na wana hoja zao. Usichoweza kufanya ni kumlipa mwenyekiti kwa siri kwa "uratibu" halafu ukategemea mke wa jirani yake akuamini.

Hatua ya tano: orodha ya kaya

Rejista ya kijiji huwa imepitwa na wakati. Kaa na mwenyekiti wa kila kitongoji, mpitie nyumba kwa nyumba, kisha muulize mtu mwingine wa kitongoji hicho hicho nani amesahauliwa. Wanaosahauliwa si wa bahati mbaya: vibarua wa mashamba, mjane anayeishi uani kwa kaka yake, wachoma mkaa wanaolala kambini, wafugaji. Ukanda wa Lindi una wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa kusini. Wapo kijijini miaka yote hiyo na bado utasikia "wale wageni". Kwenye utafiti wa msitu, kuwaacha hao ni kuacha nusu ya mgogoro.

Ukishapata orodha, kanuni ya Yamane ambayo kila tasnifu inainakili itakupa idadi ya kaya za kuhoji: kaya 400, kosa la asilimia 5, unapata 400 ÷ (1 + 400 × 0.0025), yaani kaya 200. Sawa, lakini kanuni hiyo inajibu swali moja la asilimia kwa kijiji kizima. Ukitaka kulinganisha wajumbe wa kamati na wasio wajumbe, sampuli ya nasibu ya 200 inaweza kukuletea wajumbe sita. Gawa orodha kwanza, kisha chagua ndani ya kila fungu.

Hatua ya sita: kukusanya

Anza na makabati. Omba mihtasari ya Mkutano Mkuu, rejista ya doria, daftari la faini, na vitabu vya stakabadhi. Hapa nikae kidogo, maana ndipo penye mali na ndipo watu huteleza.

Kijiji kimoja nilipewa kitabu cha stakabadhi chenye vishina hamsini. Nilivikagua kimoja kimoja nikiandika namba, tarehe, jina na kiasi. Vishina vitatu havikuwepo. Jumla ya vilivyobaki nikailinganisha na mapato yaliyosomwa mkutanoni kwenye muhtasari: mkutanoni ilisomwa pungufu. Jioni ile nilikuwa na uhakika nimekamata wizi. Siku mbili baadaye, tukila muhogo kwa mhazini, nikamuuliza bila kushika kalamu. Akacheka. Fedha zile zilikuwa mafuta ya gari la maofisa waliokuja kufanya doria. Kijiji ndicho kilicholipa, hakikupewa risiti, na mwenyekiti aliona aibu kusoma mbele ya watu kwamba kijiji kinawawekea wakubwa mafuta. Vishina vitatu vilikuwa vimeharibika kwa mvua ya paa la ofisi, na alinionyesha mabaki yake. Karatasi ilinipa swali sahihi na jibu potofu. Jibu lilihitaji muhogo.

Baada ya karatasi, tembea. Omba mtu wa kamati akupitishe mpaka wa msitu, na siku nyingine mwombe mvuna asali au mama anayeokota kuni akupitishe njia yake. Linganisha. Wa kwanza atakuonyesha mabango na miti iliyopakwa rangi. Wa pili atakuonyesha njia iliyozungushwa ili kukwepa doria, na visiki ambavyo vimefunikwa majani.

Ramani ya kuchora chini kwa kijiti, kalenda ya msimu, na kupanga kwa maharage bado vinafaa, ila jua kwamba vijiji vingi vimeshafanyishwa mazoezi haya kwenye mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo na kwenye kila mradi uliopita. Wanajua majibu yanayopendwa. Ukiona ramani imechorwa haraka mno, uliza: mara ya mwisho mliichora hii kwa nani?

Vikundi vya majadiliano viwe vya watu sita hadi wanane, wenye hali inayofanana: wanawake wasio kwenye kamati, vijana, wafugaji, wazee. Usichanganye. Kuhusu mwenyekiti anayependa "kupita tu kusikiliza", kuna dawa rahisi: mpange mahojiano yake na msaidizi wako, saa ile ile, upande wa pili wa kijiji.

Dodoso ndilo watu huanza nalo. Mimi huliweka mwisho, nikishajua maneno ya pale. Maswali yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza yanajulikana kwa harufu. "Je, unashiriki katika usimamizi wa rasilimali?" Kila mtu atasema ndiyo, na hakuna utakachojua. Badala yake: "Mkutano wa mwisho wa kijiji ulikuwa lini? Ulikwenda? Juu ya msitu walisema nini? Wewe ulisema?" Maswali manne, na yanajibika. Neno "hifadhi" nalo litumie kwa uangalifu, kwani sehemu nyingi linasikika kama kuhamishwa. Ukiuliza "mnaionaje hifadhi", huenda unajibiwa kuhusu ndugu zao waliobomolewa nyumba, na wewe unaandika kuhusu msitu wa kijiji.

Kwa vipimo, tumia vya pale: tita la kuni, gunia, debe, dumu. Kisha pima mwenyewe matita matano kwa mzani, maana gunia la lumbesa si gunia la kawaida. Usiulize "mwaka jana ulikusanya kuni kiasi gani", hakuna anayekumbuka. Uliza wiki iliyopita kwa kuni, miezi mitatu kwa nguzo na asali, mwaka kwa mbao. Kwenye utafiti wao mkubwa wa kipato cha misitu, watafiti wa CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, walizirudia kaya zile zile kila robo mwaka kwa sababu hii.

Hatua ya saba: maswali yanayoweza kumfunga mtu

Kuchoma mkaa bila kibali ni kosa. Ukimuuliza mtu usoni, ama atakudanganya, ama atakwambia ukweli na wewe utakuwa umebeba ushahidi dhidi yake. Kuna njia ya kupata idadi bila kujua nani ni nani. Wengine hutumia dadu, lakini kwenye vijiji vya Waislamu dadu inanuka kamari, basi mimi natumia mbegu. Tia mbegu sita kwenye mfuko wa kitambaa: moja nyekundu, moja nyeusi, nne nyeupe. Mhojiwa anachomoa moja bila kukuonyesha. Akipata nyekundu anasema "ndiyo" hata kama hajawahi. Akipata nyeusi anasema "hapana". Akipata nyeupe anasema kweli: je, miezi mitatu hii umechoma mkaa msituni bila kibali? Kisha anarudisha mbegu.

Hesabu yake si ngumu. Kati ya watu 150, kama 25 watapata nyekundu, 25 nyeusi, na 100 nyeupe. Ukipata "ndiyo" 70, toa 25 za nyekundu, zinabaki 45 kati ya watu 100 waliosema kweli. Asilimia 45, na hakuna mtu hata mmoja unayeweza kumtaja. Ni makadirio, yana mwanya mpana kuliko swali la kawaida, kwa hiyo usiyatumie kwa watu thelathini. Fanya majaribio kwanza kwa swali lisilo na madhara, mfano kama mtu amekunywa chai asubuhi. Wazee wengine hukataa kusema "ndiyo" ya uongo hata mbegu ikiwaamuru, na wana haki yao.

Daftari lako lisiwe na majina. Andika namba, na ufunguo wa namba ukae mahali pengine, si kwenye begi hilo hilo. Siku ofisa atakapokuomba "aangalie kidogo" madodoso, uwe na kitu ambacho ukimwonyesha hakuna atakayelala polisi.

Hatua ya nane: kuchambua ukiwa bado kijijini

Kila usiku, kabla ya kulala, andika upya maelezo ya siku na ubaki na maswali matatu ya kesho. Ukitumia programu ya dodoso ya KoBoToolbox kwenye simu, pakua takwimu kila siku na uzikague. Msaidizi aliyejaza kaya kumi na nne kwa siku moja amezijazia chini ya mwembe.

Panga ulichonacho kwa safu tatu: kanuni inasemaje, kamati inasemaje, na watu wanafanyaje. Pale safu zinapolingana, pita. Pale zinapopishana, kaa hapo. Rudi kwa watu wa pande zote na uwaulize juu ya tofauti yenyewe bila kutaja aliyesema. Kama fungu la wanawake linasema msitu ni "wa kamati" na kamati inasema ni "wetu sote", usitafute aliyekosea. Uliza neno "wetu" lilianza kumaanisha hao wachache lini. Mara nyingi utakuta kuna mkutano fulani, mbao fulani, mwaka fulani.

Hatua ya tisa: mrejesho

Rudi. Si kwa tasnifu yenye kurasa 140, bali kwa karatasi mbili za Kiswahili, herufi kubwa, zisizo na jina la mtu. Zisome kwanza kwa kamati, ili wasizisikie mara ya kwanza mbele ya umati, kisha kwenye Mkutano Mkuu. Wape nafasi ya kukupinga, na uandike upinzani wao, kwani nao ni takwimu. Nakala moja ibandike kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, na nakala nyingine tatu uwaachie watu wa vitongoji tofauti. Ya ubaoni huwa haikai. Mara ya mwisho nilirudi baada ya siku nne nikakuta misumari tu. Ile ya kitongoji cha mwisho, upande wa wafugaji, ilikuwa imetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kuchomekwa juu ya boriti, na mwenye nyumba aliniomba nimsomee tena ukurasa wa pili.